Kurusha faili kifaa kwa kifaa bila bando na bila kuvujisha siri: mwongozo kamili

Mtu amekaa pembeni yako anaomba cheti chako cha kuzaliwa, nawe unamtumia WhatsApp. Cheti kinatoka kwenye simu yako, kinapanda hadi kwenye seva zilizo nje ya nchi, kinashuka hadi kwenye simu iliyo umbali wa mkono, na nyote wawili mmekatwa bando. Kama ni picha, imeminywa ubora njiani. Kama ni video ya harusi ya GB 1, bora usijaribu. Wakati wote huo simu zenu zina redio ndani yake zinazoweza kuzungumza moja kwa moja, bila mnara, bila mtandao na bila senti.

Sababu kubwa inayowafanya watu waogope kurusha faili namna hiyo ni hofu kwamba kuna mtu atalinasa hewani. Kwa njia nitakazoeleza hapa, hewani ndiko kulikolindwa vizuri zaidi. Mafaili huvuja katika nyakati tatu nyingine: simu inapoachwa ikionekana na kila mtu, mtu anapobonyeza "kubali" bila kujua anampokea nani, na nakala inapobaki kwenye kifaa cha mtu mwingine baada ya kazi kuisha. Ukizisimamia nyakati hizo tatu, umefanya sehemu kubwa ya ulinzi.

Redio zilizomo ndani ya simu yako

Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz. Ile ya kawaida, yaani ile iliyokuwepo tangu enzi za simu za vitufe, hurukaruka kati ya njia 79 mara 1,600 kwa sekunde, na kwa simu nyingi hufika kama mita 10. Ni polepole: kwa vitendo inabeba takriban megabiti 2 kwa sekunde. Picha ya MB 5 itachukua sekunde 20 hivi, na video ya GB 1 itapita saa nzima. Kwa hiyo Bluetooth ni ya nyaraka na picha chache.

Wi-Fi ya moja kwa moja, ambayo vyombo vilianza kuthibitishwa kuitumia mwaka 2010, huunganisha simu mbili bila ruta katikati. Hii ndiyo yenye nguvu. Video ileile ya GB 1 inaweza kumalizika kwa dakika moja au mbili kama simu zote mbili ni za kisasa.

NFC, yaani redio ya kugusanisha vifaa, inafanya kazi kwa 13.56 MHz, na umbali wake ni kama sentimita 4. Ufupi huo ni ulinzi wa aina yake, lakini kasi yake ya juu ni kilobiti 424 kwa sekunde, hivyo haifai kubeba mafaili. Kazi yake ni kugusanisha vifaa ili vifahamiane, kisha Bluetooth au Wi-Fi ichukue mzigo. Simu za Android ziliwahi kuwa na Android Beam, iliyokuwa ikirusha vitu kwa kugusanisha migongo ya simu. Ilianza na Android 4.0 mwaka 2011, na Google ikaachana nayo kuanzia Android 10. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayokuambia uitafute, yaache.

Quick Share ya Android na AirDrop ya Apple huchanganya redio hizi: Bluetooth inatafuta nani yuko karibu, halafu Wi-Fi inabeba faili likiwa limesimbwa, yaani limegeuzwa lisisomeke na asiye na ufunguo wake. Ndiyo maana utaombwa uwashe zote mbili hata kama huna bando. Kuwasha Wi-Fi si kuwasha intaneti.

Maandalizi ya mara moja

Haya unayafanya leo ukiwa nyumbani, kabla hujahitaji kurusha chochote.

1. Sasisha mfumo wa simu. Hili si pambo. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Armis walitangaza udhaifu waliouita BlueBorne, uliomwezesha mshambuliaji kuingia kwenye kifaa ambacho Bluetooth yake imewashwa tu, bila kuoanishwa (kufahamishwa na kuunganishwa na kifaa kingine) na bila mwenyewe kubonyeza kitu. Mwaka 2019 likaja shambulio la KNOB, lililolazimisha vifaa viwili vikubaliane ufunguo mfupi hadi baiti moja, yaani funguo 256 tu za kubahatisha. Desemba 2023 ukatangazwa udhaifu mwingine uliowezesha mtu aliye karibu kujifanya kibodi ya Bluetooth na kuandika kwenye simu yako. Masasisho yalitolewa kuziba haya, lakini yanamfaa yule tu aliyeyasakinisha. Kama simu yako haipati tena masasisho, kaa na kanuni moja: Bluetooth inawashwa wakati wa kazi, ikiisha inazimwa.

2. Badilisha jina la kifaa. Simu nyingi hujitangaza kwa jina la mwenyewe au kwa jina la modeli. "Simu ya Neema" inamwambia kila aliye ndani ya daladala kwamba Neema yumo. Jina la modeli nalo lina tabu yake, kwa sababu ukumbini kunaweza kuwa na simu tano za aina hiyohiyo na mtu akakosea anamtumia nani. Weka neno ambalo wewe unalijua na mwingine halimwambii kitu: Mkungu, Bahari7, lolote. Kwenye Android lipo katika sehemu ya taarifa kuhusu simu au kwenye ukurasa wa Bluetooth. Kwenye iPhone lipo katika mipangilio ya jumla, ukurasa wa kwanza wa taarifa za simu.

3. Punguza mwonekano. Quick Share na AirDrop zote zina ngazi za nani anaweza kukuona: vifaa vyako mwenyewe au hakuna mtu, watu uliowahifadhi kwenye orodha ya namba, au kila mtu. Weka kwenye watu unaowajua, au ufunge kabisa. "Kila mtu" ifunguliwe pale tu unapompokea mtu mgeni. Apple iliweka ukomo wa dakika 10 kwenye chaguo hilo mwaka 2022, na Quick Share nayo ina ukomo kama huo. Lakini baadhi ya simu za Android bado zinaruhusu "kila mtu" ibaki wazi siku zote, kwa hiyo thibitisha mwenyewe.

4. Funga skrini kwa namba au alama ya kidole. Ulinzi wote wa hewani hauna maana kama simu inafunguka kwa kutelezesha kidole.

Jambo moja kwa wenye iPhone, maana linawapita wengi: ukizima Bluetooth au Wi-Fi kwa vile vitufe vya paneli inayoteremka, hujazima. Umekata miunganisho tu, na redio itarudi yenyewe kesho yake saa 11 alfajiri. Kuzima kwa kweli kunafanyika ndani ya mipangilio.

Android kwa Android: Quick Share

Ilianza mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share, na Januari 2024 Google na Samsung wakaunganisha huduma zao chini ya jina moja la Quick Share. Inafanya kazi kuanzia Android 6, na kwenye simu nyingi imo tayari, huhitaji kupakua kitu.

1. Nyote wawili washeni Bluetooth na Wi-Fi. Baadhi ya simu zitadai pia huduma ya mahali (location) iwashwe, kwa sababu kutafuta vifaa vya jirani kunaweza kufichua mahali ulipo, na Android imefunga ruhusa hizo pamoja.

2. Mpokeaji ateremshe paneli ya juu, abonyeze alama ya Quick Share na achague nani amwone. Kama mna namba za kila mmoja na akaunti zenu za Google zimeingia, chagueni watu wa kwenye orodha. Kama hamfahamiani, achague kila mtu kwa dakika 10.

3. Mtumaji afungue faili, abonyeze kitufe cha kushiriki, kisha Quick Share. Majina ya vifaa vya jirani yatajitokeza.

4. Hapa ndipo pa kutulia. Kwa mtu asiye kwenye orodha yako, simu zote mbili kwa kawaida huonyesha nambari fupi ya uthibitisho. Isomeni kwa sauti. Msisome kimoyomoyo kila mtu na simu yake mkaishia kutikisa vichwa. Zikifanana, mpokeaji akubali. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine kimejibu kwa jina linalofanana. Kateni, muanze upya.

5. Faili likifika, mpokeaji alifungue hapohapo mbele ya mtumaji. Kwa kawaida litakuwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa, ndani ya folda ndogo ya Quick Share.

6. Mpokeaji arudishe mwonekano ulivyokuwa.

Kwenye baadhi ya simu, hasa Samsung, utaona pia chaguo la kutengeneza kiungo ili mtu alipakue faili baadaye. Hilo si kurusha kwa redio. Faili linapandishwa kwenye seva na bando linatumika. Kwa nyaraka nyeti usilichague.

iPhone kwa iPhone: AirDrop

Hatua zinafanana: Bluetooth na Wi-Fi ziwashwe, hotspoti ya simu izimwe, fungua faili, bonyeza kushiriki, chagua AirDrop, chagua mtu. Chaguo la "watu wa kwenye orodha pekee" linahitaji nyote muwe mmeingia iCloud na muwe mmehifadhiana namba au barua pepe zile zinazotumika kwenye akaunti hizo. Mtu akilalamika kwamba haoni simu ya mwenzake, mara nyingi tatizo ni hapo: amemhifadhi kwa laini ya pili.

Mambo mawili ninayasisitiza. La kwanza, kabla ya kurusha picha, juu ya ukurasa wa kushiriki pana neno dogo la machaguo. Libonyeze, uzime taarifa za mahali picha ilipopigwa. Picha iliyopigwa sebuleni kwako inabeba majiranukta ya nyumba yako, yaani namba zinazoonyesha ilipo hasa, na mnunuzi wa sofa uliyekutana naye sokoni hana haja ya kuyajua. La pili, tangu iOS 17.1, AirDrop inaweza kuendelea kutuma kwa intaneti mkiachana kabla faili halijaisha. Ni huduma nzuri kwa mwenye bando lisilo na kikomo. Kama wewe unanunua kwa siku, nenda kwenye mipangilio ya AirDrop uzime matumizi ya data ya simu.

Android kwa iPhone, na simu kwa kompyuta: hotspoti na LocalSend

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu iPhone haikubali kupokea faili la Android kwa Bluetooth hata ukioanisha vifaa vizuri kiasi gani. Mwishoni mwa 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share inaweza kuzungumza na AirDrop, ikianzia na simu za Pixel 10. Kwa simu nyingi zilizo mifukoni mwetu, bado tunahitaji njia nyingine.

Njia ninayoipendekeza ni LocalSend. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, haina matangazo, haihitaji akaunti, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Inatuma faili ndani ya mtandao mlioungana nao tu, ikiwa imesimbwa kwa mfumo wa HTTPS. Mtandao huo hauhitaji kuwa na intaneti, na hili ndilo linaloifanya itufae.

1. Kila mmoja apakue LocalSend mapema kutoka kwenye duka rasmi la simu yake. Usipokee faili la APK (faili la kusakinisha programu kwenye Android) la LocalSend kutoka kwa mtu, hata kama ni ndugu.

2. Mwenye Android azime data ya simu, kisha awashe hotspoti. Mpangilio huu ni wa lazima. Ukiacha data imewashwa, simu ya mwenzako itaona imepata Wi-Fi, na itaanza kusasisha programu na kupandisha picha kwa bando lako.

3. Hotspoti iwe na nenosiri, na usalama wake uwe WPA2 au WPA3. Usiifungue wazi "kwa dakika moja tu". Nenosiri lisiwe namba yako ya simu.

4. Mwenzako aungane na hotspoti hiyo. Simu yake inaweza kumwonya kwamba mtandao hauna intaneti. Aseme abaki nao.

5. Fungueni LocalSend nyote. Kila kifaa kitapewa jina la kubuni. Kwenye iPhone itaomba ruhusa ya kufikia vifaa vya mtandao wa ndani. Ikikataliwa, haitaona kitu.

6. Kwenye mipangilio ya mpokeaji, hakikisha kuhifadhi moja kwa moja kumezimwa, ili kila faili liombe ruhusa kwanza. Hakikisha pia usimbaji umewashwa. Kama mko kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya chuo, ambako wapo wengine, weka PIN.

7. Mtumaji achague faili, kisha jina la kifaa. Mpokeaji atamke jina lake kwa mdomo kabla mtumaji hajabonyeza.

8. Mkimaliza, zima hotspoti kabla ya kurudisha data.

Vifaa visipoonana, sababu huwa mbili. Kwenye Wi-Fi za hoteli na mikahawa, ruta nyingi huwekwa makusudi zisiruhusu kifaa kimoja kukiona kingine; tumieni hotspoti yenu. Kwenye Windows, ukuta wa moto (firewall, kinga inayochuja miunganisho ya kompyuta) unaweza kuizuia LocalSend kwa sababu mtandao umewekwa kama wa umma. Iruhusu LocalSend peke yake. Kuzima ukuta mzima wa moto ni kuacha mlango wazi kwa ajili ya mgeni mmoja.

Bluetooth ya kawaida bado ina kazi

Simu ya mzee kijijini, simu ya vitufe, kompyuta ya zamani ya ofisi: hivi vyote vinaelewa Bluetooth. Kabla ya mwaka 2007, kuoanisha kulitegemea namba kama 0000 au 1234, na mtu mwenye vifaa angeweza kuzibahatisha. Toleo la 2.1 lilileta utaratibu ambapo vifaa vinaunda ufunguo wa siri vyenyewe na kukuonyesha tarakimu sita kwenye skrini zote mbili. Tarakimu hizo zipo ili kugundua kama kuna kifaa cha tatu kimejiweka katikati. Mtu anayebonyeza "sawa" bila kuzilinganisha ameutupa ulinzi wenyewe. Vifaa visivyo na skrini, kama spika, haviwezi kuonyesha tarakimu, hivyo huoanishwa bila uthibitisho huo. Kwa muziki haina neno.

Kutoka simu ya Android kwenda kompyuta ya Windows:

1. Kwenye kompyuta, washa Bluetooth na ufungue ukurasa wa kuongeza kifaa. Kwenye simu, fungua ukurasa wa Bluetooth, maana ndipo inapoonekana.

2. Chagua kifaa, linganisha tarakimu sita, kubali pande zote mbili.

3. Simu ikikuuliza kama kifaa hicho kiruhusiwe kuona orodha yako ya namba na kumbukumbu za simu ulizopiga, usiweke tiki. Kurusha faili hakuhitaji ruhusa hiyo hata kidogo.

4. Kwenye kompyuta, bofya kulia alama ya Bluetooth iliyo karibu na saa, uchague kupokea faili. Dirisha hilo lisipofunguliwa kwanza, simu itasema imeshindwa kutuma, na watu wengi huishia hapo wakidhani kifaa ni kibovu.

5. Kwenye simu, fungua faili, shiriki, Bluetooth, chagua kompyuta. Subiri mstari ujae.

6. Kama kompyuta si yako, rudi kwenye orodha ya vifaa vilivyooanishwa, upande wa simu na upande wa kompyuta, ufute uoanishaji.

Hatua ya tatu inahusu pia magari. Ukiunganisha simu na redio ya gari la kukodi au la rafiki ili usikilize muziki, na ukakubali kila kinachoulizwa, gari linanakili majina na namba zako zote, na zinaweza kubaki humo baada ya wewe kushuka. Kataa ombi la orodha ya namba. Kama ulishakubali, ingia kwenye menyu ya redio ufute simu yako kabla ya kurudisha ufunguo.

Kwenye steshenari na saiba

Nimeiweka sehemu hii peke yake kwa sababu ndiyo hatari kubwa kuliko zote nilizotaja, na haina uhusiano wowote na wadukuzi. Mtu anahitaji nakala ya kitambulisho cha NIDA, wasifu wake, vyeti vya kidato cha nne na pengine hati ya kiwanja. Anaambiwa "tuma WhatsApp kwenye namba hii ya ukutani". Nyaraka hizo zinabaki kwenye simu ya duka, kwenye kompyuta iliyounganishwa na akaunti hiyo, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa, pamoja na za watu wengine mia. Kijana anayefuata kwenye kiti hicho anaziona zote. Anayetaka kufungua laini au kukopa kwa jina la mtu hahitaji zaidi ya hapo.

Flashi nayo inabeba virusi vya njia za mkato kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa hiyo, kama kompyuta ya duka ina Bluetooth, hiyo ndiyo njia ninayoiona afadhali: haiachi mazungumzo kwenye akaunti ya mtu, na simu yako haigusi diski yao.

Andaa faili ukiwa nyumbani. Weka kurasa zinazohitajika tu kwenye PDF moja, usiende na folda nzima. Kwenye nakala ya kitambulisho, andika juu yake, kwa programu ya kuhariri picha, matumizi yake na tarehe: "Kwa maombi ya kazi tu, Machi 2026". Maandishi yapite juu ya picha na namba bila kuzizuia kusomeka. Nakala yenye maneno hayo ni vigumu kuitumia kwa jambo lingine.

Ukifika, oanisha, tuma, chapisha. Kisha mwombe mhudumu kwa adabu, "Kaka, naomba tufute faili langu," na usimame pale ukiangalia. Faili likifutwa kwa Shift na Delete kwa pamoja halipiti kwenye pipa la taka. Angalieni pia folda ya vilivyopakuliwa, maana mara nyingine faili linafunguliwa kutoka sehemu moja na kuhifadhiwa nyingine. Futa uoanishaji. Hakuna mhudumu mwema atakayeudhika, na mwenye duka anapaswa kulizoea ombi hilo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu kwa ajili ya biashara ana wajibu juu yake.

Faili lililo nyeti kweli

Matokeo ya hospitali, orodha ya mishahara, mkataba: haya yafunge kabla ya kuyarusha, ili hata likimfikia asiyehusika lisifunguke. Kwa waraka mmoja, LibreOffice, ambayo ni ya bure, inaweza kuhamisha waraka kuwa PDF yenye nenosiri la kufungulia. Kwa mafaili mengi, tumia 7-Zip kwenye kompyuta: chagua aina ya 7z, weka nenosiri refu, na weka tiki kwenye kusimba majina ya mafaili pia, kwa sababu jina kama "barua ya kuachishwa kazi" limeshasema kila kitu kabla halijafunguliwa. Kwenye Android, ZArchiver hulifungua.

Nenosiri mwambie mtu kwa mdomo. Mko karibu, ndiyo faida ya redio hizi. Usilitume kwa ujumbe, na usiliandike kwenye jina la faili.

Ukitaka uhakika kwamba kilichofika ni kilekile kilichotumwa, kokotoeni alama ya SHA-256 pande zote; ni kama alama ya kidole ya faili, hubadilika faili likibadilika hata kidogo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Linganisheni za mwanzo nane na za mwisho nane. Kwa picha za sherehe hili ni kupoteza muda. Kwa faili la malipo ya wafanyakazi, lifanye kila mara.

Vipi kuhusu Xender na SHAREit?

Zilitusaidia sana wakati simu hazikuwa na njia zake zenyewe, na bado utawasikia watu wakisema "nirushie kwa Xender". Ushauri wangu ni kuziondoa. Huomba ruhusa nyingi kuliko kazi inavyohitaji na hujaa matangazo. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilieleza hadharani udhaifu katika SHAREit ya Android ambao ungeweza kumpa mtu data ya mtumiaji. Programu zilizotengenezwa na kampuni kubwa nazo hukutwa na kasoro: mwaka 2024 watafiti wa SafeBreach walionyesha kasoro kadhaa katika Quick Share ya Windows, na Google ikazirekebisha. Ninachotazama ni kama anayeitunza programu anarekebisha haraka, na kama ninaweza kuitumia bila kumpa picha, namba na mahali pangu vyote kwa mkupuo.

Kama umeshakubali faili usilolijua

Mwaka 2004 kirusi cha Cabir kilisambaa kwa Bluetooth kwenye simu za zamani za mfumo wa Symbian, na hakikuweza kuingia mpaka mwenye simu akubali kupokea na akubali kusakinisha. Njia hiyo bado ndiyo inayotumika. Kupokea tu mara nyingi si balaa. Balaa ni kufungua.

Lifute bila kuligusa, hasa kama jina lake linaishia na .apk, .exe au .lnk. Kama ulishafungua APK na ikasakinishwa, washa hali ya ndege mara moja, ingia kwenye orodha ya programu, iondoe. Ikikataa kuondoka, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya wasimamizi wa kifaa na sehemu ya huduma za ufikivu, uinyang'anye ruhusa hizo, kisha uiondoe tena. Futa vifaa vyote vilivyooanishwa usivyovitambua. Chukua simu nyingine unayoiamini ubadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, halafu ya benki. Namba ya siri ya pesa za simu usiibadilishie kwenye simu hiyohiyo: hamishia laini kwenye simu nyingine, ibadilishe hapo, na uiangalie salio. Ikiwa programu hiyo iliomba kusoma ujumbe mfupi na ukairuhusu, hifadhi picha na nyaraka zako kwenye kompyuta kwa waya, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuirudishia laini.